Mstari wa Aliyeona

Nimefundisha botania miaka thelathini na minne, na sikuwahi kumsamehe mwanafunzi aliyenakili kazi ya mwenzake. Nayasema hayo mwanzoni ili msomaji anipime kwa kipimo changu mwenyewe.

Mjukuu wangu Bénie, ambaye huniita Kambo, yaani babu, anasomea kilimo chuo kikuu. Mwaka jana yeye na wenzake walianza kuingiza kadi za zamani za Marafiki wa Mimea, chama ambacho nilikuwa katibu wake, katika hazina ya kompyuta ambamo mkazi yeyote wa Lubumbashi anaweza kuandika mmea aliouona, mahali na siku. Tulikuwa tukifanya kazi sebuleni kwetu Bel-Air, yeye na kompyuta yake, mimi na masanduku yangu. Sehemu yangu ilikuwa kumsomea majina, maana majina ya Kilatini hubadilika: wataalamu wakigundua kwamba mmea uliwekwa katika ukoo usio wake, huuhamisha, na kila kadi yake hulazimika kuufuata.

Siku ya tatu akasita.

"Kambo, kadi mia mbili na sita, kwa mustari ya aliyeona kuko tu 'membre'. Mwanachama gani? Machine inakatala. Inaomba jina ya muntu."

Akainua kadi moja karibu na macho, na uso wake ukang'aa.

"Lakini mwandiko ni yako! Kumbe ni weye njo ulitembea yote hii? Na unajificha kama bibi-harusi!"

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Nilirekebisha miwani yangu, nikamwambia asome kadi inayofuata, naye akadhani huo ni unyenyekevu. Kabla ya chakula cha mchana, jina langu, Clovis, lilikuwa limeingia mara mia mbili na sita.

Aliyeiona karibu mimea yote ile ni Edouard Ngandu, mkaguzi wa njia ya reli. Alitembea kwa miguu akichunguza mataruma, na kila kilichochanua kando ya njia alikiandika katika daftari, nami nikakihamishia kwenye kadi. Chama kilikuwa na kanuni niliyoitunga mimi: jina la mmea likibadilika, kadi inanakiliwa upya, jina la zamani linabaki chini kwa penseli, na mstari wa aliyeona hauguswi kamwe.

Mwaka 1993 mishahara ilikuwa imekufa na noti hazikuwa na thamani. Watu ambao wazazi wao walitoka Kasai walifukuzwa majumbani, na maelfu walilala kituoni wakingojea mabehewa. Edouard, aliyezaliwa hapa hapa katika kambi ya reli, alikuwa mmoja wao. Mwezi huohuo nikapokea kwa posta orodha ya majina mapya ya mimea, nikaanza kunakili. Gauthier, mtunza hazina wetu, akapita nyuma yangu.

"Clovis, hii kabati yako imejaa Bakasai. Siku bakikuja kuiangalia, utajibu nini?"

Akacheka, akaenda zake. Hakunitishia. Hakuna aliyenitishia. Nilichukua kadi tupu, na kwenye mstari wa aliyeona nikaandika "membre". Niliendelea hivyo siku nne, kwa mwandiko safi, kisha nikachoma kadi za awali. Mimea mingi kati ya hiyo ilikuwa imebadilishwa jina kweli. Mingine haikubadilishwa, niliinakili pia.

Nilimpelekea Edouard kituoni unga na samaki wa Kasenga. Nilimkuta ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mkewe akikohoa nyuma yake.

"Clovis, barua ya majina ilifika?"

"Ilifika."

"Na kadi zangu?"

"Zote zimehamishwa."

"Majina ya zamani, kwa penseli?"

"Kwa penseli."

"Weye uko muntu ya règlement, ya kufuata kanuni," akasema. "Mwengine angezitupa."

Alishuka Mwene-Ditu, huko Kasai, akiwa hai. Zaidi ya hapo sijui, kwa sababu sikuuliza.

Kwa siku nane nilipokea pongezi. Msichana mmoja wa Kasumbalesa aliniandikia kwamba angependa kutembea kama nilivyotembea. Siku ya tisa Bénie alikuwa akihakiki mahali.

"Kambo, 'PK 214' ni nini?"

"Nguzo ya kilomita, kwenye reli."

"Tarehe kumi na ine, mwezi ya tatu, 1978. Siku ya pili ya juma, siku ya masomo. Mwalimu iko kwa reli, banafunzi beko na nani? Beko na mbuzi?"

Alicheka mwenyewe, kisha vidole vyake vikatulia juu ya kibodi. Hakuniuliza tena. Alingoja tu, kama nilivyomfundisha kungoja jibu, nami nikamweleza yote.

"Kambo," akasema. Akavuta kompyuta karibu, akaendelea kwa sauti ya chini: "Tunaweza kubadilisha. Lakini machine inaomba sababu, na bantu bote batasoma. Niandike 'erreur de saisie'? Kosa la kuingiza tu. Ni mimi niliingiza."

Mtoto alikuwa ananipa mlango, na alikuwa tayari kuupitia kwa niaba yangu.

"Hukukosea kitu," nikamwambia. "Lete hapa."

Niliandika kwa kidole kimoja: *Aliyeona ni Edouard Ngandu. Mwaka 1993 nilifuta jina lake kwa woga, bila kulazimishwa na mtu yeyote.* Bénie alisoma, akatengeneza nukta, akabonyeza. Tulirudia kwa kila kadi yenye nguzo ya kilomita, kwa kuwa hakuna mwanachama mwingine aliyepimia mahali kwa nguzo za reli. Zilikuwa mia moja tisini na saba.

"Na hizi tisa, hazina PK. Ni za Ngandu?"

"Huenda. Walikuwapo wanachama wawili wengine wa Kasai ambao niliwafuta vilevile."

"Bale wawili, majina yao?"

Nikayataja.

"Basi zipi ni za nani?"

"Sijui. Nilichoma ushahidi."

Akafuta jina langu, akajaribu kuziingiza bila jina la aliyeona, moja baada ya nyingine. Zote zikakataliwa.