Ndoa ya Ukurasa Mmoja

Bupe alikuwa hata hajavua joho la kwaya, pale kanisani Riverdale Park, nje kidogo ya Washington, Marekani, simu ya Ghati ilipoingia. Ghati, Mkurya wa Tarime aliyezoea kuamrisha, alikuwa fundi wa sauti kwenye ukumbi mdogo wa maonyesho Columbia Heights, ndani ya jiji.

"Mdogo wangu, wewe si unasoma nota? Njoo sasa hivi. Kuna Mwingereza hapa anaimba vichekesho huku akipiga piano, na leo tunamrekodi laivu. Nyimbo ni mpya, hajazishika kichwani, na mtu wa kumfungulia kurasa kaamka na homa."

"Dada, mimi napigia kinanda kwaya ya Wamoraviani!"

"Kurasa ni kurasa. Ila usicheke. Maiki iko puani kwako."

Saa tisa alasiri Bupe aliketi ubavuni mwa Bwana Tapsell, mzee mwembamba mwenye ua jekundu kotini. Nyimbo mbili za mwanzo alizivuka kwa kung'ata mdomo mpaka machozi yakamlenga. Ya tatu ilimhusu shangazi yake Tapsell, aliyeposwa na nahodha mstaafu. Katika wimbo wamefika kanisani, pete inavishwa, Tapsell akainamisha kichwa kumpa ishara ya kufungua ukurasa. Bupe akafungua. Vidole vina jasho. Kurasa mbili zikaenda pamoja. Tapsell, macho kwenye nota, akaimba bila kusita jinsi nahodha alivyoshushwa kaburini.

Piano ikanyamaza. Bupe akatamani ardhi ipasuke immeze.

Tapsell akawageukia watu polepole. "Mabibi na mabwana," akasema, "hata keki hatujaikata."

Ukumbi ukalipuka. Na Bupe naye, maiki au si maiki, akaangua kicheko cha kutoka tumboni, akashindwa kukizuia.

"Muuaji ndiye huyu," Tapsell akamnyooshea kidole. "Unaitwa nani?"

"Bupe."

"Bupe, tumfufue?"

Bupe akarudisha ukurasa mmoja. "Samahani sana, nahodha," akanong'ona, na maiki ikayadaka yote. Watu wakasimama kupiga makofi.

Onyesho lilipokwisha, Ghati alitaka warudie ule wimbo, ile sehemu aifute.

"Ukiifuta sikusemeshi tena," Tapsell alisema. "Mwaka mzima nimeandika vichekesho, na kilichowasimamisha watu si changu."

Rekodi ikatoka mwezi wa sita. Tito, mumewe Bupe, akampigia mama mkwe wake kule Tukuyu na kuisogeza simu kwenye spika. Mama hajui neno la Kiingereza. Alisikiliza wimbo wa tatu, piano, kaburi na yote, kisha akadakia:

"Huyo anayecheka ni Bupe!"

"Ndiye, mama," alisema Tito.

"Toka ameondoka hapa sijamsikia akicheka hivyo. Hebu rudisha nyuma, baba. Na uongeze sauti, majirani wamekuja."