Mistari Mitano ya Skrini ya Kwanza

Mwaka 1986 mtafiti mmoja alifika Kinole, kijijini kwetu milimani Uluguru, akakaa wiki sita. Alilala nyumbani kwa mwalimu, lakini mchana kutwa alikuwa uani kwa bibi yangu, Mwajuma binti Kibwana, na kinasa sauti chake. Bibi alikuwa akimenya machenza na kusimulia. Baada ya miaka minne kitabu kikaja, jalada la kijani, hadithi kumi na moja, zote za Bibi. Nilikipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta jina lake. Nililiona la mtafiti, la mkewe aliyepiga taipu, la chuo kilichotoa nauli. Sisi tuliandikwa "wanakijiji".

Bibi hakujua kusoma. Aliniacha nitafute mara tatu, kisha akauliza:

"Kwani nilizisimulia vibaya?"

Mpaka anazikwa sikumpa jibu. Jibu nimekuwa nikiwapa wengine. Niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia vitumbua na vitabu vilivyotupwa na wenye navyo. Nimeandika barua kwa wahariri. Nimetolewa kwenye mikutano mara tano, mara mbili kwa kubebwa. Kila palipozinduliwa jiwe la msingi nilisimama nikauliza majina ya waliobeba mawe. Huku mjini, mtaa wa Mji Mpya, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, watu hawaniiti Abeid. Wananiita Mzee wa Majina.

Ndiyo maana mpwa wangu Hafidha, mtoto wa dada yangu, alipokuja na ule mchezo wa Kijapani alijua ataninasa. Si mchezo wa kupigana. Ni riwaya inayosomwa kwenye kompyuta: picha iko nyuma, muziki unapita taratibu, maneno yanatokea chini, na mara mojamoja unaulizwa uchague njia. Waliouandika ni watu watatu tu wa huko Japani, na walisharuhusu yeyote autafsiri mradi asiuuze. Unaitwa Chemchemi ya Toku. Kuna kijiji cha mlimani, maji yake yanachukuliwa kupelekwa mjini, wenyeji wanaambiwa wahame. Bibi mmoja, Toku, anabaki kuilinda chemchemi.

"Huu mlima ni wetu," nilimwambia Hafidha nilipomaliza siku ya kwanza.

"Nilijua utasema hivyo, mjomba."

Tulifanya kazi miaka mitatu. Hafidha alitafsiri. Castory, fundi kompyuta wa kibanda cha jirani, aliyafungua mafaili na kuyaingiza maneno yetu. Mimi nilinyoosha Kiswahili. Bibi Toku alitushinda mwanzoni. Kila alipofungua mdomo alisikika kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nikamnyamazisha. Nikaketi na daftari nikaandika kila nilichokumbuka cha usemi wa Bibi Mwajuma: alivyomkata mtu katikati ya sentensi, alivyosema "haya, maliza uongo wako, nakusikiliza," alivyouliza swali akageukia jungu lake bila kungoja jibu. Toku akapata pumzi. Hafidha aliposoma sura ile ya kwanza kwa sauti, dada yangu alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

Sasa ilibaki skrini ya kwanza, ya watafsiri, maana waandishi wana yao mwishoni. Ina kisanduku cha mistari mitano, na hakipanuki. Castory alihangaika nacho wiki nzima. Kila akiongeza mstari wa sita mchezo unajifunga. Mstari wa juu niliuandika mimi: *Moja kwa moja kutoka Kijapani, kwa jasho la wana wa Uluguru.* Yakafuata majina manne: Hafidha, Castory, Mwajuma binti Kibwana, na langu.

"Mjomba, kuna wa tano," Hafidha alisema. "Yule aliyeutoa kwenye Kijapani kuupeleka Kiingereza. Kijapani changu mimi ni cha kubabaisha. Nimemwegemea yeye toka mwanzo mpaka mwisho."

"Mzungu?"

"Sijui. Anaitwa Grzegorz." Alilitamka taratibu, kama aliyekuwa amelifanyia mazoezi.

"Hao wameandikwa vya kutosha."

"Mjomba."

"Nafasi ni nne. Nimtoe Bibi nimweke huyo?"

Castory alikuwa anakula mhogo. "Leo Mzee wa Majina kageuka afisa uandikishaji," alisema. "Umekuja bila barua ya mtendaji, rudi kesho."

Nikamwambia afunge faili. Kwetu ukoo ni wa mama, na mjomba akishasema, mpwa hana pa kulipeleka. Hafidha akanyamaza. Nilijua anachonyamazia, nikalifunika jambo kwa ujomba.

Tuliutoa mwezi wa sita. Watu walioupakua walipita elfu mbili. Mwalimu mmoja wa Dumila alituandikia kwamba wanafunzi wake waligombana siku nzima kuhusu Toku. Wazee wa Kinole wakaomba nipande nikawasomee, uani kwa Bibi palepale, Jumamosi saa nne asubuhi. Nikaanza kuinyoosha hotuba. Ilikuwa na mtafiti ndani yake, na jalada la kijani, na kila mtu aliyenibeba kunitoa mkutanoni.

Jumatano barua pepe ikaingia. Hafidha aliisoma peke yake kwanza, halafu akanigeuzia kompyuta. Nikamwambia anisomee kwa Kiswahili.

"Anasema hivi. 'Ndugu zangu, mimi ndiye niliyetafsiri Toku kwa Kiingereza. Ilinichukua miaka mitano, mingi nikiwa nimelala na mgongo mbovu. Nimefurahi kwamba sasa anasema Kiswahili. Rafiki yangu anayejua lugha yenu kidogo aliona jambo. Kwenu ngazi za kushukia kwenye chemchemi ni mia moja na saba. Kwa Kijapani ni mia moja na nane. Ile saba ni makosa yangu mimi, niliteleza, sikuwahi kuirekebisha. Nimelitafuta jina langu sikuliona. Kama kazi yangu ilikuwa na makosa mengine, naomba mniambie niyarekebishe.'" Hafidha akaondoa mkono kwenye kompyuta. "Basi. Kasaini."

Hakuna tusi. Hakuna mwanasheria. Nilikuwa na majibu ya matusi na ya wanasheria. Nimekuwa nikiyanoa tangu nikiwa kijana. Huyu anauliza kama alifanya vibaya.

"Tengeneza ile saba kimyakimya," Castory alisema. Safari hii hakutania. "Mzee, nani atajua? Mwandikie pole, yaishe. Jumamosi upande kifua mbele."

"Na ule mstari wa juu?"

"Ubaki. Watu wanaupenda."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la wateja. Nilimkumbuka mjomba wangu Maneno akitambika kwenye chemchemi ya Kinole mwaka wa ukame. Kisomo kilikuwa kimesomwa asubuhi. Hili lilikuwa la mababu. Alikuwa akimwaga unga na kuwaita waliotangulia, mmoja mmoja. Kuna shangazi mmoja alikufa wakiwa hawasemeshani. Alipofika kwake akampita. Bibi kizee mmoja nyuma yetu akakohoa. Mjomba akajifanya hakusikia. Wakakohoa wawili, kisha wote. Hakuna aliyetaja jina wala kumlaumu. Akautupa unga uliobaki, akanawa, akaanza upya toka jina la kwanza. Kwetu jina lililorukwa halichomekwi katikati.

Nikarudi ndani. "Futa jina langu, weka lake," nilimwambia Castory. Nilijisikia mtu mwema nilipotamka hivyo.

"Hapana," Hafidha alisema.

Nikamtazama. Katika miaka yake ishirini na sita hakuwahi kunirudishia neno.

"Ukijitoa, mjomba, kosa litabaki halina mwenyewe. Watasema Grzegorz alisahauliwa. Hakusahauliwa. Mimi nilikutajia, wewe ukakataa, na mimi nikanyamaza. Wote tubaki hapo tuonekane."

"Mistari ni mitano."

"Mstari wa juu una jina la nani?"

Ule mstari nilikuwa nimeutunga kwa wiki nzima. Kichwani nilishausikia ukipigiwa makofi Kinole. Na ulikuwa uongo, kila neno lake la kwanza mpaka la tano, na aliyeuandika ni mimi.

"Ufute," nilisema.

Siku ileile tuliuondoa mchezo kwenye ukurasa. Mahali pake Hafidha aliweka tangazo nililoliandika kwa mkono wangu: kwamba tulitafsiri kutoka Kiingereza cha Grzegorz Wrona, kwamba mimi Abeid niliambiwa niliandike jina lake nikakataa, na kwamba walio na nakala ya zamani waitupe. Kufika Ijumaa walionijua walishalisoma. Kijana mmoja wa bodaboda alipita kibandani akapunguza mwendo. "Mzee wa Majina, langu bado lipo?" Wenzake wakacheka. Niliendelea kuchomea waya.

Grzegorz nilimwandikia mwenyewe, Hafidha akanitafsiria. Nilimwambia kazi yake haikuwa mbaya. Nilimwambia kwamba bibi yangu aliwahi kuuliza swali kama lake, na kwamba niliyetakiwa kulielewa kuliko mtu yeyote ni mimi.

Jumamosi tulipita Mkuyuni tukapanda. Uani walikuwa wamekaa watu kama arobaini, wazee mbele, na nyuma kwenye mikeka bibi vizee, mkubwa wao Bi Pili, mtoto wa mdogo wake Bibi. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja. Castory akaweka kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. Hotuba niliiacha mfukoni.

Niliwaeleza nilichofanya. Nilieleza kwa ufupi, maana jambo lenyewe ni fupi. Bi Pili alisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Wewe," alisema, "uliyepiga kelele mpaka wakakubeba."

"Mimi, Bi Pili."

"Haya. Soma."

Skrini ikawaka. Majina matano, hakuna kitu juu yake. Nikasoma: Grzegorz Wrona ndiye wa kwanza, maana kazi yetu ilianzia kwake. Ulimi ukaniteleza kwenye zile herufi, nikalimung'unya, nikakimbilia la Hafidha.

Nyuma, kwenye mikeka, mtu akakohoa.

Nikasimama. Hafidha alinong'ona jina lile sikioni mwangu, taratibu. Nikapangusa mdomo, nikaanza upya.