Mara Tano Mfululizo

Siku Futi alipomshinda mkewe michezo mitatu mfululizo, hakufurahi hata chembe. Aliiweka pedi ya gemu juu ya kochi, akautazama mkono wake wa kulia, kisha akamtazama mkewe kwa kona ya jicho, na machale yakamcheza. Mwanamke alikuwa amejinyoosha pale, anapiga miayo, anasema leo umeniweza. Haikumwingia akilini. Wiki tatu nyuma mwanamke huyuhuyu alikuwa akimwangusha kabla hajakumbuka kitufe cha kufyatulia kiko wapi.

Jina la Futi alipewa na wenzake karakanani, kwa sababu hakuna kipimo cha mtu mwingine alichowahi kukiamini. Ukimwambia mlango wako una futi saba, atakuitikia kwa adabu na kukushukuru, kisha atachomoa futi yake mfukoni apime upya mbele ya macho yako. Wateja walinuna na bosi wake alicheka, lakini milango ya Futi ilifunga sawasawa, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwa kila aliyemlalamikia.

Miezi minne iliyopita msumeno wa meza ulimkata kidole gumba cha mkono wa kulia. Madaktari walikishona, kikashika. Lakini kushika ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Kidole kilikaa mkononi kama mgeni asiyejua kusaidia kazi za nyumbani. Mtaalamu wa viungo alimpa kijipira cha kuminya, na Futi akakiminya siku mbili, ya tatu kikapotelea chini ya kitanda. Ndipo mkewe, msusi mwenye saluni ng'ambo ya barabara kutoka karakanani, alipokumbuka mashine ya gemu aliyoiacha kaka yake alipohamishwa kikazi. Mtaalamu alipoulizwa alicheka kwanza, kisha akasema hakuna kijipira kitakachokisumbua kidole gumba kama kile kijiti cha kulia cha pedi, cha kugeuzia macho na kulenga.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kufyatuliana risasi ndani ya kiwanda kilichobomoka. Askari wako humwoni. Unaona mikono yake na bunduki mbele yako, kana kwamba macho ni yako. Kioo cha televisheni kiligawanyika mara mbili, mke juu, mume chini, na atakayemwangusha mwenzake mara kumi kwanza ndiye mshindi.

Sasa, bosi alikuwa ameahidi kumwekea Futi nafasi yake kwenye msumeno mpaka Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Baada ya hapo angemweka mpasuaji mwingine, na Futi ahamie kwenye msasa na vanishi, asugue mbao walizopasua wengine mpaka azeeke. Futi aliona heri auze vocha. Daktari naye alimwambia arudi kwenye mashine akijisikia yuko tayari. Akijisikia! Hicho ni kipimo gani? Ndipo mkewe akatoa sharti: amshinde michezo mitano mfululizo kwa kikao kimoja, atampa baraka zake arudi. Futi alikubali palepale. Tano mfululizo ni kitu kinachohesabika.

Wiki ya kwanza alikiona cha mtema kuni. Askari wake alitazama dari, akatazama viatu vyake, akatembea na kugonga ukuta kama mlevi. Mkewe, ambaye enzi za usichana wake alimnyoosha kaka yake kwenye mashine hiyohiyo, alimfundisha bila kumwonea haya. Kwanza alimpunguzia wepesi wa kijiti, kwa maana Futi alidhani mwendo wa kasi ndio ustadi, na matokeo yake alizunguka kama pia. Pili akamkataza kutembea na mtutu umeelekea chini. Auweke usawa wa kichwa muda wote, ili akipinda kona abaki na kusogeza kidogo tu. Hilo Futi alilielewa mara moja, maana hata mbao huikati kabla ya kupiga mstari. Tatizo lilikuwa la tatu. Futi alikuwa na tabia ya kujaza risasi kila baada ya kufyatua mbili, hata akiwa katikati ya uwanja, kama anavyopuliza vumbi kila baada ya kupiga randa. Mkewe aliijua tabia hiyo kuliko Futi alivyojijua mwenyewe, akawa anamngojea pale pale. Ilimchukua siku nane kuiacha.

Baada ya hapo akaanza kushinda, na hapo ndipo usingizi ulipoanza kumruka. Alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu: kama mkewe anamwachia, basi kidole hakijapona, na yeye ataenda kukisogeza kwenye msumeno akidhani kimepona. Mke anaweza kumhurumia mtu. Msumeno hauna habari hiyo.

Akaanza kukusanya ushahidi. Jumanne alimwona askari wa mkewe amesimama nyuma ya pipa bila kufanya lolote kwa muda wa kuhesabu mpaka sita. Alhamisi alimsikia mkewe jikoni akiongea kwa simu na kaka yake, sauti ya chini, anasema, "Hapana, hajui." Futi alipoingia, simu ikakatwa, na mkewe akaanza kuosha kikombe kilichokuwa kimeshaoshwa. Hajui nini? Hakuuliza. Alikunywa chai yake akimhesabia vikombe.

Lakini kilichomkera kuliko vyote ni mchezo wa tano. Kila jioni, kabla ya chakula, Futi alishinda minne. Mara nyingine kwa tabu, mara nyingine kwa raha, lakini minne alishinda. Kisha mkewe angemwomba maji ya kunywa, Futi angekwenda jikoni kumletea, wangeanza wa tano, na hapo mwanamke angegeuka mtu mwingine kabisa. Futi akitokeza tu kwenye kona, kashapigwa. Akijibanza, kashapigwa. Alishindwa kumi kwa tisa, kumi kwa nane, siku saba mfululizo. Maana yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye akili timamu: kama anaweza kupiga hivyo kwenye wa tano, basi ile minne ya mwanzo alikuwa anamvisha kilemba cha ukoka.

Jumamosi, mkewe akiwa saluni, Futi alimpigia simu shemeji yake. Alianza kwa mbali, akamuulizia kazi, akamuulizia mgongo, kisha akamwuliza kama kuna njia ya mtu kumsaidia mwenzake kwenye gemu bila mwenzake kujua. Shemeji akakohoa. Akasema kuna kitu kinaitwa msaada wa kulenga, ukiuwasha mtutu unavutwa wenyewe kwa adui, na kila pedi inawekewa kivyake. Futi akamwuliza kama dada yake anaujua huo. Shemeji akasema, "Shemeji, hayo muulizane wenyewe," na ghafla mtandao ukawa mbaya.

Hapo Futi akaona ameshafika chini ya kisima. Msaada uko kwenye pedi yake yeye! Michezo minne anachezewa na mashine, na mkewe, asije Futi akafikisha tano akaenda kujikata, anauzima yeye akiwa ametumwa maji. Kila kitu kiliingia mahali pake, na moyo ukamwuma vibaya sana. Kidole alichokuwa akikisifia kimoyomoyo kilikuwa cha bure.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho kabla ya Jumatatu ya bosi. Walikaa kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi, watoto wa jirani wakigombana nje. Futi alishinda wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa nne alishinda kumi kwa nne bila hata kutabasamu. Mkewe akaomba maji. Futi akaenda jikoni, akafungua bomba, akasimama pale akiyaacha maji yamwagike. Seremala akiishuku skwea yake, kile kipimo cha pembe, hagombani nayo. Hupiga mstari, akaigeuza skwea upande wa pili, akapiga mstari mwingine juu ya ule wa kwanza. Mistari ikiachana, skwea ni mwongo.

Alirudi na glasi, akampa mkewe, kisha akainama na kuichukua pedi ya mkewe badala ya yake.

"Leo tubadilishane," akasema.

"Ya nini tena?"

"Nageuza skwea."

Mke wa seremala hahitaji kuelezwa hilo. Aliiweka glasi chini bila kunywa hata tone, akaichukua pedi ya mumewe kama mtu anayepokea barua ya mahakama.

Mchezo ukaanza. Futi alipanda ngazi za kiwanda, akapinda kona, na askari wa mkewe akatokeza kwa mbali. Kabla kidole gumba hakijasogea, mtutu ulikwenda wenyewe ukamganda kifuani. Futi akakiondoa kidole kabisa kwenye kijiti. Yule askari akakimbia kulia, na mtutu ukamfuata. Hakufyatua. Aliishusha pedi mapajani akaitazama, halafu akamtazama aliyekuwa akiitumia.

Ilimchukua muda kupanga hesabu upya. Msaada ulikuwa kwa mkewe, kwenye wa tano tu. Kwa hiyo ile minne, ya leo na ya jana na ya juzi, hakupewa na mtu. Ilikuwa ya kidole. Furaha ilimpanda mpaka kooni, na hapohapo ikakutana na hasira ikishuka.

"Ulitaka nikapige msasa," akasema.

"Nilitaka ubaki na vidole."

"Nimekuwa nikidhani unanihurumia. Kumbe unaniibia."

Mkewe hakukana. Alisema kaka yake alimwonya kwamba Futi atakuja kugundua, na kwamba alijiambia ni mpaka Jumatatu tu, Jumatatu ikipita bosi atakuwa ameshamaliza kazi kwa niaba yake. Futi akasema madaktari wamekishona vizuri, mtaalamu amekiona, kila mtu amekiona, yeye peke yake ndiye anayekataa kukiona.

"Mimi nilikiona kabla ya madaktari," mkewe akasema. "Wewe ulizirai. Vijana wote walikimbilia nje, bosi wako anatapika mlangoni. Unadhani nani alivuka barabara akapiga magoti kwenye maranda akakitafuta? Nilikuwa na rangi ya nywele mikononi. Nilikishika, Futi, kilikuwa bado kina joto."

Hospitalini Futi aliambiwa tu kwamba kidole kimeletwa, na yeye, anayepima kila kitu mara mbili, hakuwahi kuuliza kimeletwa na nani. Aliona aibu. Aliunyoosha mkono kuushika wa mkewe, lakini mkewe alikuwa ameshaichukua pedi yake kutoka mapajani mwa mumewe. Alifungua mipangilio, akauzima msaada, akamwonyesha kioo aone kwa macho yake umezimwa, kisha akamrudishia pedi yake mwenyewe.

"Tuanze upya wa tano," akasema. "Sasa hivi tupo mimi na wewe tu."

Walicheza hivyo kwa nusu saa. Mkewe alikuwa mzuri hata bila msaada, na alicheza ameuma meno. Walifika tisa kwa tisa. Futi alizunguka nyuma ya matangi, mtutu usawa wa kichwa, akapinda kona, na askari wa mkewe alikuwa amesimama katikati ya uwanja, peupe, hana ukuta wala pipa. Hakuwa anafyatua.

Machale yakamcheza tena. Akapandisha macho kwenye nusu ya juu ya kioo, penye hesabu ya risasi za mkewe. Iliandikwa sifuri, na mikono ya askari wake ilikuwa bado inahangaika kujaza.

"Zimeniishia," mkewe akasema, macho mbele. "Ukiniachia, sitakusamehe. Piga."

Futi akakisogeza kidole gumba kidogo sana, upana wa mstari wa penseli, akafyatua.

Kesho yake mkewe alibandika karatasi kwenye mlango wa saluni kwamba atafungua saa saba, akavuka barabara na kuingia karakanani. Bosi alimwuliza kama ana kazi ya kufanyiwa. Mwanamke akavuta kigogo akakaa chini ya ukuta wenye swichi kubwa ya umeme, akaunyanyua mkono akauweka pale kwenye swichi, akabaki hivyo. Vijana wakaanza kunong'onezana, na Futi akawaambia washughulike na yao.

Alipima mbao, akapima tena. Akawasha msumeno na kuisukuma mbao taratibu, na kidole gumba kikaishika pembeni kilivyotakiwa. Mbao ikapasuka katikati ya mstari. Alipozima mashine, aligeuka kwa mkewe, akaitandaza mikono yote miwili hewani, vumbi likiwa limemjaa mpaka kwenye viwiko.

Mkewe alivihesabu vidole kimojakimoja, midomo ikimcheza, kutoka kushoto mpaka kulia. Kisha akamwambia achukue mbao ya pili.