Saini Tisa za Twaha

Uongo una harufu. Niliisikia mahakamani Doha, imechanganyika na manukato ya Njenga.

Njenga ndiye msimamizi wetu wa dobi hotelini. Alivaa tai, akaapa kwamba mwenzetu Twaha aliumia mkono mtaani, si kazini, kwani daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba kwa siku tisa baada ya ajali anayodai, bado alikuwa anasaini kila asubuhi. Kwa daftari hilo bima walimnyima fidia ya ulemavu, na sasa hakimu alikuwa anaupitia uamuzi wao. Bila fidia, Twaha angerudi Tanga na mkono mmoja mzima na nauli ya kuazima.

Saini zile nilitia mimi. Mashine ya pasi ilipombana Twaha mkono, Njenga alimfunga bandeji, akampa panadol na kumwambia alale kambini. Hospitali alifika siku ya kumi, mkono umeshaoza. Mimi nilimsainia asije akaandikwa mtoro. Sisi wa dobi ndivyo tunavyobebana. Na Njenga alisimama begani kwangu akisema, "Weka tu, dada Nasra. Huyu jamaa asikatwe mshahara." Leo anajifanya malaika. Mtu mzima ovyo! Nilitamani kumtemea mate.

Nikanyoosha mkono kuomba kusema. Mkalimani akanionya kwamba nikikiri kughushi naweza kushtakiwa. Nikamtazama Twaha, mkono wake wa kulia kauficha mfukoni.

"Saini ni zangu," nikasema. "Na bwana huyu aliniona nikizitia."

Hakimu akanipa karatasi. Nikaandika jina la Twaha mara tisa, akalinganisha na daftari. Wiki iliyofuata alifuta uamuzi wa bima, akaamuru Twaha alipwe. Jina langu likapelekwa kwa mwendesha mashtaka.

Tulipotoka, Njenga alikuwa anatusubiri mlangoni, anatabasamu kama mwenye harusi.

"Pole bro, ilikuwa tu kazi," akamwambia Twaha, akampa mkono.

Twaha akautoa wake mfukoni. Vidole viwili vimebaki, ngozi imesinyaa na kung'aa. Akamnyooshea.

Njenga akarudisha wake haraka, akaufuta kwenye suruali ingawa hakuwa amegusa kitu. Mkono alioapa kwamba ulishika kalamu siku tisa, yeye hakuthubutu kuushika hata mara moja.