Ruhusa ya Sura ya Mama Brigitte

Nono Chilufya alimpiga picha jirani yake, Mama Brigitte, akicheka katikati ya mahindi yake huko Kasungami. Kabla ya kuiweka Facebook, aliandika chini yake: "Picha ni ya Nono, sura ni ya Mama Brigitte. Anayeitaka atuombe kwanza."

Wiki mbili baadaye alirudi shambani akikimbia, simu mkononi. Mchapishaji wa vitabu vya shule huko Kanada alikuwa anaomba kuitumia picha hiyo kwenye jalada.

"Iko ananiomba miye?" Mama Brigitte aliuliza. Miaka yote wageni walisimamisha magari barabarani, wakampiga picha, wakaondoka bila hata salamu.

"Ndiyo, mama. Ukikatala, hawezi kuitumia."

Mama Brigitte akaketi palepale kwenye tuta, akajigusa shavu polepole. Mtu wa ng'ambo ya bahari, asiyemjua kabisa, alikuwa anangoja neno lake.

"Mwambiye nakubali," alisema hatimaye. "Lakini aandike jina yangu yote: Brigitte Mwape."

Jibu lilifika kabla hawajamaliza kupalilia: jina litaandikwa. Mama Brigitte alitaka asomewe mara tatu, na mara zote alisikiliza amesimama, kama anavyosimama kanisani Injili inaposomwa.