Mwenge Uliokatika Shingo

Rubeni aliporudi kijijini kwa likizo, nusu ya watu walimpelekea redio mbovu. Walikuwa wamesikia kwamba huko Dar es Salaam anafanya kazi na kompyuta, kwenye ofisi ya serikali, na kwa kuwa hakuna aliyejua kompyuta ni mdudu gani, kila mtu alikisia kwa kile alichokuwa nacho nyumbani. Mmoja alileta saa ya ukutani. Mimi nilimpelekea pasi ya mkaa, kwa uchokozi tu.

"Shikamoo, mama Zuhura," akasema, anaigeuza geuza ile pasi. "Hii mbona haina cha kutengeneza? Ni chuma na mkaa."

"Marahaba, baba. Kumbe shule ilikuingia kidogo."

Akacheka, akanivutia kigoda, akaanza kunieleza. Yeye hatengenezi mashine, anaiandikia maagizo. Maagizo yanatobolewa kwenye kadi, mashine inasoma matundu na kufanya vile vile ilivyoambiwa, hata kama umeiambia upuuzi. Ukikosea tundu moja tu, walimu wa Kigoma wote wanahesabiwa Mtwara. Kazi yake kubwa, akasema, ni kutafuta tundu lililokosewa.

"Ngoja kwanza," nikamkatiza. "Kadi zenye matundu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi acha redio za watu, inuka twende kwa mkeo. Mwenzio anakaribia kuadhirika."

Niwaeleze na ninyi. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na mashine ya kufuma sweta, msaada wa marafiki wa kanisa huko Ulaya. Kwetu huku juu ya Mlalo baridi haina adabu, na ilikuwa miaka ile ya ujamaa, kila kikundi kinatakiwa kionyeshe kinazalisha nini. Tulikuwamo wa kanisani na wa msikitini, sote tunatetemeka baridi pamoja. Mashine ilikaa kwenye ghala alilojenga marehemu baba yake Rubeni, na aliyeiendesha ni Yunis, mke wa Rubeni, maana yeye ndiye aliyepelekwa kujifunza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuzungusha uzi na kusema maneno.

Yunis alikuwa ameolewa muda, mtoto hajapata, na mume yuko mbali. Mnajua wenyewe mwanamke wa namna hiyo anavyotazamwa. Kisimani walimsema, kanisani walimwombea kwa sauti mpaka wote tukajua anaombewa nini. Lakini alipokaa kwenye ile mashine, wale wale waliomsema walikuja kumbembeleza awafundishe, na nikaanza kumsikia akicheka kwa sauti. Nilifurahi sana kumsikia, sitaficha.

Sasa, shule moja ya bweni kule Lushoto ilitaka sweta za wanafunzi, kifuani pawe na Mwenge wa Uhuru. Mashine ile nayo husoma mapambo yake kwenye kadi yenye matundu, basi Yunis akaitoboa kadi ya mwenge kwa mkono wake. Sweta ya kwanza ya mfano ikatoka mwenge umekatika shingo, moto huku, mpini kule. Ya pili ikatoka moto umeangukia upande kama kofia ya mlevi. Na Katibu wa chama alikuwa ameshasema atakuja kuukagua kabla haujavaliwa na mtoto wa mtu. Miaka ile, jamani, mtu aliweza kukosea vitu vingi, lakini mwenge? Thubutu!

Mwenyekiti wetu alikuwa dada Efrazia, mama yake Rubeni, mama mkwe wake Yunis. Mwanamke wa haki, hana upendeleo hata kwa damu yake. Akasema mbele yetu sote kwamba Katibu akikuta mwenge mbovu, Yunis ataacha mashine, ataenda shamba la kabichi la kijiji, na Hadija, mwenzetu wa kikundi, atakaa pale. Yunis akainama, akawa anafumua ile sweta mstari kwa mstari, uzi unalowa machozi. Mimi nauzungusha uzi mbichi, nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Basi Rubeni alipoiona ile kadi, alifurahi mpaka mkewe akaona wivu. Akaipeleka mwangani, akahesabu matundu, akasema hii ni ndugu yake kompyuta kabisa. Kila mara lile gari la mashine, kile kipande unachokisukuma juu ya sindano kushoto na kulia, likishapita katikati, kadi inaruka mbele mstari mmoja. Akakunja mikono ya shati. Akabadilisha uzi, akatia mafuta, akatoboa kadi mpya, vyote kwa mpigo mmoja, kisha akamwambia Yunis afume. Mwenge ukatoka umenyooka, unapendeza!

"Imepona," akasema, kifua mbele.

"Hongera. Ilikuwa inaumwa nini?" nikamwuliza.

"Labda uzi."

"Labda?"

"Au mafuta." Akajikuna kichwa. "Au kadi."

"Ahaa. Kwa hiyo daktari kampa mgonjwa dawa zote za kabatini, na sasa hajui malaria au minyoo."

Kesho yake dada Efrazia, ambaye jana yake alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akaja kuushuhudia huo uponyaji. Alimkuta Yunis ameshaanza mwenge, wakasalimiana, Yunis akaendelea kufuma mbele yake. Mwenge ukakatika shingo, pale pale pa zamani.

"Kwangu ilikubali!" Rubeni akapiga kelele. "Mama, naapa, jana kwangu ilikubali!"

"Basi tumpelekee Katibu hiyo ya jana," nikasema, "tumwambie aje siku ambayo hayupo mtu."

Dada Efrazia hakucheka. Alimtazama mkwe wake, akatoka.

Hapo Rubeni alitulia. Akakiri kwamba alifanya kiburi, kwamba hata kazini kwao anayebadilisha mambo yote kwa mpigo mmoja hunyimwa chai. Siku iliyofuata akaanza upya, kitu kimoja kimoja. Akarudisha uzi wa zamani, Yunis akafuma, sawa. Akarudisha kadi ya zamani, sawa. Akafuta mafuta yote, mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, lakini mwenge sawa. Sijapata kumwona mtu mwenye huzuni kama fundi aliyekosa kosa.

"Labda linakuogopa," nikamwambia. "Makosa ya huku hayajazoea watu wa Dar."

"Kosa haliogopi mtu, mama. Lipo. Kuna kitu kilichokuwepo jana, leo hakipo."

Alikuwa bado anasema hivyo, dada Efrazia akaingia kumwita mwanawe chakula. Yunis, gari likiwa ndio kwanza limepita katikati, akaliachia pale pale, akainuka, akapiga goti. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Kisha zikafuata salamu za Kishambaa zenyewe, ambazo hazina haraka: za kulala, za kuamka, za mgongo, za mbuzi, za mvua. Zilipokwisha, dada Efrazia akaondoka, na Yunis akarudi kwenye kiti. Hakukumbuka gari lilikuwa linaelekea kushoto au kulia. Kwa kuwa ni binti makini, asiyependa kazi ya nusu nusu, akalirudisha mwanzo, akauanza mstari upya.

Nikamwona Rubeni anaitazama kadi, mdomo wazi. Ilikuwa imeshasoma mstari ule. Sasa inasoma unaofuata.

Akanishika mkono, akanitoa nje mpaka kwenye migomba.

"Nimelipata," akanong'ona.

"Ni nini?"

"Ni mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu! Mashine haijui salamu, mama Zuhura. Inajua gari limepita katikati, basi. Kila mama anapokuja kukagua, Yunis anainuka, mstari mmoja unapotea, mwenge unavunjika. Na mama huja kukagua pale panapokuwa na wasiwasi, yaani mwenge ukifika shingoni."

Nilicheka nikashikilia mgomba. Halafu nikaacha kucheka, maana niliiona njia ilivyo mbele yake.

"Basi kamwambie."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Kamwambie, mama, kosa tulilokuwa tunalitafuta siku zote hizi ni heshima unayopewa."

"Wewe ni mwenzake. Ungemwanzia kidogo..."

"Mimi? Nina maisha yangu bado, baba."

Woga ukamfundisha ujanja. Akamwambia Yunis, safari hii mama akiingia, malizia kwanza mstari, ndipo uinuke. Ni kitambo kidogo tu. Lo! Dada Efrazia aliingia jioni ile, Yunis akamalizia mstari akiwa ameketi, jasho linamtoka, na kile kitambo kidogo kikawa kirefu kuliko ibada ya Pasaka. Alipoinuka kusalimia, mama mkwe wake alikuwa ameshageukia mlango.

"Siku hizi nasalimiwa baada ya sufu," akasema. "Haya. Hadija ataanza kesho. Kabichi hazina kiburi."

Yunis akakaa chini, pale sakafuni. Nikamgeukia Rubeni, na safari hii sikuwa na mzaha wowote. Nikamwambia ikiwa anajua kuwatafutia makosa walimu wa Kigoma na akashindwa kumsemea mkewe hapa, basi apande basi la asubuhi arudi kwa kompyuta yake, wakaoane.

Yalimwingia. Alimkimbilia mama yake uani, akamwomba arudi, akamwomba kwa magoti, mtu mzima na suruali yake ya Dar. Akamkalisha kwenye mashine. "Mama, usiniamini mimi. Fuma mwenyewe. Sukuma tu, huku na huku."

Dada Efrazia akasukuma, uso umekaza. Si haba, alisukuma vizuri. Mwenge ukapanda, ukakaribia shingo. Rubeni akatoka kidogo, na mara akaingia mzee Nathanaeli, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Rubeni, anaegemea fimbo, ameambiwa aje tu asalimie. Dada Efrazia hakuwahi kumsalimia mzee yule akiwa ameketi tangu alipoolewa. Aliinuka kama aliyechomwa na upupu, gari likabaki katikati, akapiga goti, "Shikamoo, baba." Wakasalimiana za kulala, za kuamka, za mgongo. Mzee akaridhika, akaenda zake. Dada Efrazia akarudi kitini, akalitazama gari, akatazama kushoto, akatazama kulia, akalirudisha mwanzo.

Alifuma mistari michache tu, kisha akaacha. Mwenge ulikuwa umekatika shingo, pale pale.

Nilikuwa na maneno mazuri matatu ya kusema na nikayameza yote. Dada Efrazia alikigusa kile kidonda cha sweta kwa kidole, taratibu. Akajifunga khanga vizuri, akatoka.

Kesho yake ndiyo siku ya Katibu. Hadija hakutokea, wala hakuna aliyesema kwa nini, basi Yunis akakaa mashineni afume sweta ya kumwonyesha. Rubeni kajibanza ukutani. Mimi nazungusha uzi ambao ulikuwa umeshazungushwa. Kwetu mama akinyamaza usiku mzima huwezi kujua amesamehe au ndio anakusanya. Nje manyunyu yalikuwa yanashuka kutoka upande wa Shume. Mwenge ukapanda, mpini wote ukaisha, ukafika shingoni, na hapo nikasikia viatu vya dada Efrazia uani. Nilitamani nitoke nimzuie kwa mwili wangu. Yunis naye alivisikia. Gari lilikuwa katikati, na nikamwona magoti yake yanaanza kuinuka yenyewe.

Viatu vikasimama mlangoni.

"Hodi," akasema dada Efrazia.

Nilidhani nimesikia vibaya. Ghala lile ni lake, ua ni wake, mkwe ni wake. Tangu lini mama mkwe akabisha hodi kwa mkwe wake, ndani ya ua alioachiwa na mumewe? Rubeni alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Hodi," akarudia, polepole. "Usiinuke. Maliza mstari wako, mwanangu. Mimi sijafika bado."

Yunis akakaa. Akalisukuma gari, machozi yanamdondokea mikononi. Lilikwenda taratibu mno. Dada Efrazia kasimama nje ya kizingiti, maji yanamtiririka usoni, hajakanyaga ndani hata kidole, anangoja kama mgeni yeyote. Nikaona haya kulia mbele ya Rubeni, lakini nilipomgeukia nikamkuta naye anakagua dari.

Gari likafika mwisho.

"Karibu, mama," akasema Yunis, na hapo ndipo mama mkwe wake alipoinua mguu, akaingia.