Mbao za Casimir Zinazunguka Bila Upepo

Courant, ule umeme wa mutaa, ilikufa mu quartier yetu mwaka wa 1994, sababu watu waliiba mafuta ya transfoma wakaenda kukaangia samaki. Miye Alphonse, électricien wa usine, fundi wa umeme wa kiwanda kwa miaka makumi mbili, nilikaa nyumbani na muke wangu Mathilde na bougie yetu, mushumaa moja. Jirani Casimir, fundi cherehani, muntu wa kushona suruali tu, akapanda juu ya nyumba yake na dynamo ya camion, lori ya zamani, na batterie yake, na mbao mbili alizozichonga kama mapanga ya feni. Upepo ukavuma, taa ikawaka.

"Ule iko na akili, kweli," Mathilde alisema, tena akiwa ananipakulia bukari, ugali wetu. Kila magharibi Mathilde alienda kuuza karanga chini ya ile taa. Kule anacheka, kwangu anarudi na usingizi. Wivu ilinikamata, sitaficha.

Ijumaa moja ya upepo Casimir alienda kupeleka suruali za watu, nikapanda kwake. Dynamo ya camion iko na kisanduku, conjoncteur, kinachoacha courant iende ku batterie na kuikataza kurudi. Nikakiruka na kipande cha waya, courant ipate njia ya kurudi. Nilijua batterie itajimaliza pole pole, taa itazima, fundi cherehani arudie sindano yake.

Lakini wivu ilinisahaulisha kazi yangu. Dynamo ukiipa courant, inageuka moteur, inazunguka yenyewe. Kesho yake asubuhi hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na mbao za Casimir zinazunguka tu.

Mama Fidélie wa chumba cha sala aliona wa kwanza. Saa tatu parcelle ya Casimir, kiwanja chote, ilijaa watu. Wakasema Casimir amefunga wafu mu mashine, ndio wanamuzungushia; ni bulozi, uchawi. Kijana mumoja alileta bidon ya pétrole, dumu la mafuta ya taa, amuchome. Casimir alikuwa anaapa kwa Bikira Maria, na Mathilde amesimama mbele yake, mikono wazi, anawazuia.

Hata pale roho iliniuma: muke wangu anakinga bwana wa wengine. Kisha bidon ikafunguliwa.

"Mumuache," nikasema. "Si bulozi. Ni miye."

Nikapanda, nikatoa ule waya mbele yao. Mbao zikasimama. "Kumbe mulozi ni fundi wa usine," mumoja akasema, wakacheka, wakatawanyika.

Casimir hakunitukana. Mathilde alinitazama toka miguu mpaka kichwa.

"Mwaka muzima hukugusa waya," akasema. "Kazi ya kwanza unafanya, ni ya kuzimia watu taa."